Uliza Mweka Hazina: Barua ya mfadhili siyo pesa

Mwezi huu barua zimekuja nyingi na karibu zote zinaulizia kitu kimoja, pesa za tamasha. Nimechagua nne. Mlioulizia namna ya kugawana posho msubiri zamu yenu, hiyo ni vita nyingine.

Shikamoo mweka hazina. Sisi ni kikundi cha ngoma Pangani, tupo 23, tunacheza selo na mdumange na kuna kina mama wa taarabu. Mwaka jana tulifanya tamasha siku moja kwa kuchangishana, uwanja ukajaa. Mwaka huu tunataka siku tatu, bajeti imefika milioni 18. Tumesikia serikali ina mfuko wa wasanii na halmashauri nayo ina pesa za vijana na wanawake. Hiyo ruzuku tunaiombaje? Mtu wa jukwaa tushamwambia atushikie tarehe.

Marahaba wanangu. Kabla hamjamaliza kusoma hii mpigieni mtu wa jukwaa mwambieni asubiri kwanza.

Sasa. Hizo zote mbili mlizozitaja siyo ruzuku, ni mikopo, na hapa ndo vikundi vingi vinapotea. Ile ya halmashauri ni asilimia 10 ya mapato yao ya ndani, wanawake 4, vijana 4, wenye ulemavu 2, haina riba ni kweli kabisa, lakini inarudi. Na Mfuko wa Utamaduni na Sanaa nao unakopesha kupitia mabenki, na benki ni benki hata ukiingia umevaa njuga. Tamasha lenu kiingilio ni bure, mnategemea sifa na soda, mtarejesha na nini? Mwezi wa tatu wa marejesho ukifika mtaanza kukimbiana sokoni.

Mkitaka mkopo wa halmashauri kopeni kitu kinachofanya kazi mwaka mzima. Kwa mfano spika, mixa na viti, mnakodisha kwenye harusi na mikutano, inarejesha yenyewe pole pole na siku ya tamasha mna mziki wenu bila kumlipa mtu. Hilo andiko la kuombea pesa afisa maendeleo ya jamii ataliona ni biashara. Siku tatu za ngoma uwanjani kwake ni matumizi tu.

Ruzuku zenyewe zipo, zinatoka zaidi kwa balozi, vituo vya utamaduni vya nje na mashirika ya kimataifa, na kila mmoja ana tabia zake. Kwa mfano UNESCO wana mfuko wa kimataifa wa uanuwai wa utamaduni, unafika hadi dola 100,000, ombi linapitia kwenye Tume ya Taifa ya UNESCO, lakini ule haulipi madeni wala haukuwekwa kwa ajili ya shoo tu, wanataka kitu kitakachobaki jukwaa likishafumuliwa, mafunzo, mfumo, soko la wasanii. Kwa kikundi chenu leo ule ni mkubwa mno, msipoteze usiku kuuandikia. Anzeni na wadogo wa milioni tatu nne.

Na kabla ya huko kote, mwaka jana mlitumia shilingi ngapi? Hamjaniambia, na naogopa hamjui. Kaeni chini na yule mama aliyeshika daftari mwandike kila kitu, hata mchele aliotoa mwenyekiti na lori la bure la yule mfanyabiashara, mkadirie thamani yake. Huo ndo mchango wenu na mfadhili anauhesabu. Andiko linalosema mwaka jana tulifanya kwa laki tisa taslimu na vitu vya laki sita, watu walijaa na picha hizi hapa, lina nguvu kuliko kurasa kumi za kudumisha mila na desturi zetu. Usajili wa kikundi na kibali cha BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, anzeni kwa afisa utamaduni wa wilaya, na mwende mapema, siyo wiki ya tamasha.

Kuhusu jukwaa nawaambia kwa nini nimeanza nalo. Miaka ya nyuma kikundi chetu kilipata barua kutoka kwa mfadhili, siwataji, barua nzuri ina nembo na tunafurahi kuwajulisha. Tukapiga vigelegele. Nikamlipa mtu wa mziki kianzio cha mfukoni kwangu, jukwaa tukachukua kwa mdomo, chakula kwa mdomo, tukijua pesa iko njiani. Tamasha likapita. Pesa ikaingia wiki saba baadaye, tena asilimia 70 tu, ile 30 mpaka tupeleke ripoti na risiti za EFD, zile za mashine ya kodi. Risiti ya EFD ya kuni naitoa wapi mimi? Samaki tulinunua ufukweni kwa mvuvi amesimama kwenye maji! Pikipiki yangu ilikaa rehani miezi mitano na nyumbani nilikuwa nasalimiwa kwa kidevu.

Yote yale yalikuwa yameandikwa kwenye mkataba, ukurasa wa nne. Hatukusoma, tulienda moja kwa moja kwenye tarakimu. Kwa hiyo nyinyi mkipata barua ulizeni mambo matatu tu, pesa inaingia lini, inaingia kwa awamu ngapi, na kwa wauzaji wasio na mashine mnakubali karatasi gani. Wengi wanakubali fomu iliyosainiwa na muuzaji ina jina na namba ya simu, lakini lazima ukubaliane nao kabla, ukishanunua hakuna anayekusikiliza.

Na msione ni shida ya wadogo peke yao. Sauti za Busara pale Ngome Kongwe Zanzibar, tamasha lililoanza 2004 na wageni wanapanda ndege kulifuata, mwaka 2016 halikufanyika kabisa kwa sababu pesa hazikutimia, likarudi 2017. Wale walihesabu wakaona haitoshi wakasema hapana mapema. Mimi nawaheshimu kwa hilo kuliko kwa shoo zao zote. Kwa hiyo siku tatu zenu zipangeni kwa vipande, siku moja kwa pesa iliyopo mkononi, ya pili ikiingia ruzuku, ya tatu mwakani.

Assalamu alaykum. Niko Malindi, kila mwaka mwezi wa kumi tunapeleka barua kaunti kuomba msaada wa tamasha la Disemba na kila mwaka jibu ni lilelile, hakuna pesa ya hiyo kwenye bajeti. Wanatudharau ama?

Waalaykum salaam. Hawawadharau, mmechelewa, na mmechelewa kwa zaidi ya mwaka.

Katiba ya Kenya ya 2010 imezipa kaunti kazi ya shughuli za utamaduni na burudani, kwa hivyo mlango mko sawa. Shida ni kalenda. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai. Mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata unapelekwa bunge la kaunti kufikia Septemba 1, karatasi ya mikakati ya fedha Februari 28, makadirio ya bajeti Aprili 30. Nyinyi mwafika Oktoba, pesa ya mwaka huo ishagawanywa kitambo na hata karani akiwapenda vipi hana pa kuitoa.

Nendeni kwenye vikao vya maoni ya umma, vile vya kwenye wadi ambako huwa kumejaa wazee na viti vya plastiki vitupu. Nendeni mkiwa kumi, mmoja asimame aseme jina la tamasha na kiasi, muhakikishe karani ameliandika. Halafu mrudi tena Februari muone kama bado limo, kwa maana vitu hutoka njiani bila kuaga.

Jambo jingine, mara nyingi kaunti haiwapi msaada, inawanunua kama mtoa huduma. Mwatumbuiza, mwapeleka invoisi, mwangoja. Na kungoja kwa kaunti mwakujua, kuna watu wana invoisi za tangu gavana aliyepita. Kwa hivyo nauli na chakula cha wachezaji kitoke kwenye kianzio au kwenye mfuko wenu, msimuahidi mtoto wa watu pesa ya kaunti ijumaa ijayo.

Dada, kuna kaka amekuja anasema atatuandikia andiko la ruzuku bure, ikitoka tumpe asilimia 20. Ana begi la laptopu na anaongea vizuri sana.

Begi sina tatizo nalo. Asilimia ndo tatizo. Ile pesa ikitoka imeshapangiwa kazi mstari kwa mstari, hiyo 20 mtaiandika wapi kwenye ripoti? Mtaanza kutafuta risiti za uongo za jenereta na hapo ndo vikundi vinavyokufa. Kama anaandika vizuri mlipeni ujira wa kazi yake, kiasi kinachojulikana, ipatikane isipatikane. Akikataa basi mjue hata yeye haliamini andiko lake. Na mwambieni awaandikie mkiwa mmekaa naye, maana mfadhili atapiga simu kuuliza kuhusu bajeti na atampigia mwenyekiti.

Sisi ni Wazanzibari tupo Milton Keynes, Uingereza, tunataka kufanya siku ya taarabu na mapishi kwa majirani. Nasikia huku pesa za serikali zipo tele?

Tele sijui, ila njia ni nyepesi kuliko za huku kwetu. Kuna ya bahati nasibu ya taifa kwa vikundi vya jamii, Awards for All, kuanzia pauni 300 hadi 20,000, hiyo inawafaa zaidi kuliko ile ya Arts Council England, baraza la sanaa la huko, ambayo inaanzia pauni 1,000, inataka angalau asilimia 10 itoke kwingine na inataka uzungumzie sanaa kwelikweli, siyo biriani. Andikeni katiba fupi ya kikundi, kurasa mbili zinatosha, mfungue akaunti kwa jina la kikundi siyo la mtu, na watia saini wawe wawili wasio na undugu. Nasisitiza kwa sababu barua yenu imesainiwa na mwenyekiti na mweka hazina na nimeona ubini ni mmoja, kule mtu na kakake hawahesabiki wawili.