Pafu Lisivuje Mara ya Pili

Pafu likivuja, hewa hunasa kifuani na kulibana, na hospitalini hutolewa kwa mpira unaopitishwa ubavuni. Mgonjwa akishatolewa mpira huo, ndugu zake huuliza kwanza kama anaruhusiwa kubeba ndoo ya maji. Maumivu yakiisha, abebe. Hewa iliyovuja kifuani bila ajali hurudi kwa takriban mtu 1 kati ya 3, wengi ndani ya mwaka wa kwanza, na mara nyingi humkuta mtu ametulia kabisa. Kinachotakiwa kuogopwa kuliko ndoo ni moshi.

Kwa vijana wengi, hasa warefu wembamba, hewa huvuja kwenye vilengelenge vidogo vilivyo juu ya ncha ya pafu. Mpira hutoa hewa iliyokwisha kuvuja, lakini vilengelenge unaviacha palepale. Sigara huvimbisha njia ndogo za hewa, hewa inaingia vizuri na kutoka kwa shida, na lengelenge linazidi kutanuka. Mwanaume anayevuta yuko kwenye hatari ya kuvuja takriban mara 20 kuliko asiyevuta. Bangi nayo huvutwa kwa nguvu na kushikiliwa kifuani, jambo baya sana kwa pafu la namna hii. Kwa wavuvi wa dagaa wanaovuta ili kukimbiza baridi ya usiku, ushauri ni koti zito na chupa ya chai ya moto. Kupunguza hadi sigara mbili tatu bado ni kuvuta.

Kuzamia ni marufuku ya maisha, na hapa Ziwa Victoria wengi hulichukulia kirahisi. Mtu anayepumua hewa ya mtungi au ya kompresa kwenye kina cha mita 10, lita 1 ya hewa iliyonasa kifuani huwa zaidi ya lita 2 akifika juu. Pafu linabanwa, moyo unabanwa, na ufukwe uko mbali. Hata kuzamia kwa kubana pumzi ili kunasua nyavu, mwachie mwenzako. Kuogelea juu ya maji hakuna tatizo ukishapona.

Ndege ya Mwanza kwenda Dar es Salaam isubiri angalau siku 7 tangu eksirei ionyeshe pafu limejaa kabisa. Hesabu inaanzia kwenye picha hiyo, siyo siku ya kutolewa mpira. Kama chanzo kilikuwa ajali au kuchomwa kisu, subiri wiki 2. Ndani ya ndege hewa ni nyepesi kama ya mlima wa mita 1,800 hadi 2,400, hivyo mfuko mdogo wa hewa uliobaki kifuani utatanuka. Basi ni salama zaidi.

Ikivuja mara ya pili upande uleule, au upande wa pili, usikubali kuishia kwenye mpira tu. Omba rufaa ukaonane na daktari bingwa wa upasuaji wa kifua. Upasuaji hukata vilengelenge na kuukwaruza au kuuondoa utando wa ndani wa ukuta wa kifua ili pafu ligande, na marudio hushuka hadi kama watu 1 hadi 5 kati ya 100. Pasipo upasuaji, kuna kuligandisha pafu kwa unga safi wa talki wa hospitali, gramu 4 hadi 5 ndani ya mililita 50 za maji ya chumvi, kupitia mpira. (Poda ya mtoto haihusiki kamwe.) Maumivu na homa ya siku moja mbili ni kawaida. Njia hii hushindwa pale pafu lisipogusa ukuta, kwa hiyo eksirei itangulie.

Mwanamke anayevujiwa ndani ya siku 3 za kuanza hedhi, hasa upande wa kulia, amweleze daktari tarehe hizo. Matibabu yake hubadilika na huhusisha daktari wa wanawake. Mwenye kifua kikuu amalize dozi yake yote. Mashimo kwenye pafu yasipotibiwa yanaweza kuvuja tena.

Wiki chache za mwanzo usiende kambi ya kisiwani ambako mtumbwi unatoka asubuhi tu. Maumivu ya ghafla upande mmoja yanayochoma ukivuta pumzi, pamoja na kukosa hewa, ni ya kukimbilia hospitali saa ileile. Midomo ikibadilika rangi au moyo ukienda mbio, ni dharura kubwa. Beba karatasi ya kuruhusiwa kutoka hospitali na picha ya mwisho ya eksirei, na ukifika mapokezi sema mapema kwamba pafu lako liliwahi kuvuja na ni la upande gani.