Jibu: Shemeji karudi Guangzhou na minyoo ya ini, je, perege wa hapa Tanga ni salama?

Mkuu, pole kwa mgonjwa. Umesema shemeji alikuwa akifuata mzigo Guangzhou, akala samaki mbichi, sasa kakutwa na minyoo ya ini, na nyumbani mmesusa perege wa Mto Pangani. Nimekagua nyama machinjioni hapa Tanga kwa miaka, acha nichangie.

Mdau wa juu kasema "hata ng'ombe wetu wanayo". Wanayo kweli, ila ni mingine. Ukipasua ini la ng'ombe mwenye minyoo, mirija ya nyongo imekuwa migumu, kisu kinakwaruza kama kimegusa mchanga, halafu linateleza dude bapa la kahawia, hata sentimita 5. Hilo ng'ombe kalipata kwenye majani ya mabondeni, samaki hahusiki.

Ya shemeji ni Clonorchis sinensis, na mkoa wa Guangdong ndiko kwao hasa. Mayai hutoka na kinyesi cha mtu, mbwa au paka, yakifika majini huliwa na konokono, kisha vijidudu humtoka konokono na kujichimbia kwenye nyama ya samaki wa maji baridi, hasa jamii ya kapu (samaki anayeitwa "carp" kwa Kiingereza). Kwa macho huwaoni. Ukila mbichi, wanapanda hadi mirija ya nyongo na wanaweza kukaa humo zaidi ya miaka 20. Hapo ndipo hofu ya saratani ya mirija hiyo inapotoka, na tangu 2009 wataalamu wa saratani wa WHO wamewaweka kundi la kwanza la visababishi.

Perege aliyeiva hana kesi. Mimi ninayemtilia shaka ni yule mnene asiyechanjwa, katumbukizwa kwenye mafuta yaliyochemka mno: nje kakauka, mgongoni nyama bado inang'ang'ania mfupa. Mrudishe kikaangoni, mama lishe anune akitaka. Ndimu, pilipili na chumvi haviui kitu. Nguru na changu wa baharini hawamo kabisa kwenye habari hii.

Shemeji atapewa prazikwanteli, ileile ya kichocho wanayogawiwa watoto shuleni, lakini kwa dozi ya daktari. Na kama alisafiri na wenzake wakala sahani moja, nao wakapime choo hata kama hawaumwi, maana wengi hukaa nayo bila dalili yoyote.