Hidaya "alipiga" au "kilipiga"?

Swali limetoka kwa mama mmoja wa Lindi mjini:

"Mwalimu shikamoo. Mwanangu wa form two kaandika insha ya kimbunga cha mwaka 2024, kaweka 'Hidaya alipiga Kilwa akakata barabara ya Dar', mwalimu wake kachora nyekundu kaandika 'kilipiga, kikakata'. Mi naona mtoto yuko sawa maana Hidaya ni jina la mtu, mtaani kwetu tu wapo akina Hidaya watatu. Halafu mjomba wake kamsomea kwenye simu habari za Beryl kule Karibi, wameandika 'tufani' na 'mnyororo wa visiwa'. Sasa tufani na kimbunga ni kitu kimoja au viwili?"

Marahaba mama. Kwenye insha mwalimu wake kapatia, ila mtoto naye hilo "alipiga" hajaliokota hewani, kalisikia kwa watu wazima na watu wazima hawakukosea walipokuwa wanalisema, hapo ndo utamu wa swali lako ulipo.

Kiswahili kikikutana na jina kinajiuliza kimyakimya, hiki ni kitu gani? Ukisema Ruvuma umefurika, hiyo u- si ya Ruvuma, ni ya mto ambao hukuutaja. Kilimanjaro leo unaonekana, mlima huo. MV Liemba imetia nanga, meli. Basi Hidaya ni kimbunga, na hata ukilimeza neno kimbunga ile ki- yake inabaki: Hidaya kilipiga, Hidaya kilidhoofika, Beryl kilibomoa. Najua inakwaruza masikio. Inakwaruza kwa sababu kwetu binadamu ukimpachika ki- umemdharau, kijitu, kitoto, kwa hiyo mtu akisikia "Hidaya kilipiga" anahisi kama dada wa watu anatukanwa. Dawa yake kwenye maandishi ni kutolimeza hilo neno, andika Kimbunga Hidaya kilipiga, imeisha hiyo. (Na jina lenyewe basi, hidaya maana yake zawadi. Zawadi gani ile jamani.)

Mdomoni sasa ni habari nyingine. Nenda kijiwe chochote cha kahawa siku baada ya mechi utasikia "Yanga kapigwa", "Simba kaua", wakati gazeti la asubuhi hiyohiyo limeandika Simba yashinda. Timu haijageuka mtu, ila wasemaji wameipa utu ili stori inoge, na vimbunga tangu vianze kutangazwa kwa majina ya watu vimeingia humohumo.

Tarehe 24 Aprili 2019, Kimbunga Kenneth kikiwa kinapita karibu na Ngazija kule Komoro, nilikuwa pale Feri Mtwara. Madau yameshavutwa juu mchangani, nyavu zimekunjwa, mzee mmoja kakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, redio ndogo kaibana sikioni. Kijana mmoja wa kubeba samaki, siku hiyo hana cha kubeba, anamuuliza, "Babu, kafika wapi huyo Mzungu?" Mzee hata hajageuka, akasema, "Kalala Ngazija, kesho anaamkia kwetu." Sasa we mwalimu wa lugha nenda kamsahihishe yule mzee mwambie sema "kimelala". Mi nilinyamaza. Kesho yake hakikuamkia kwetu, kiliingia Cabo Delgado, Msumbiji, kupitia visiwa vya Kirimba, upepo zaidi ya kilomita 200 kwa saa, Ibo nyumba zikalazwa, wiki sita tu tangu Kimbunga Idai kuipiga Beira. Sisi huku ng'ambo ya Ruvuma tulibaki na hofu yetu na mifuko ya nguo tuliyofunga usiku. Na humo kuna somo dogo la lugha pia, siku ile watu walisoma "kinaelekea Mtwara" wakaelewa "kinafika Mtwara". Kuelekea ni kugeuza uso upande fulani, kufika ni kufika, katikati hapo kimbunga kinaweza kupinda, na vinavyopinda ni vingi tu.

Haya, tufani. Mama, kile kilichopiga Grenada tarehe 1 Julai 2024 na kile kilichopiga Mafia tarehe 4 Mei mwaka huohuo ni jamii moja, ingawa nguvu zao mbalimbali sana, Beryl kilikuwa daraja la 4 kinaingia kisiwa cha Carriacou hukohuko Grenada na baadaye kikapanda la 5, la juu kabisa, Hidaya kilikata pumzi palepale Mafia. Waingereza ndo wana majina matatu kutegemea bahari, Atlantiki jina lake, Bahari ya Hindi lake, Pasifiki ya magharibi lake, na mtafsiri akiona majina matatu anahisi na sisi lazima tutafute matatu, ndo akina tufani wanapoingia. Hatuna haja. Ni kimbunga, cha Karibi au cha Kilwa, na Mamlaka ya Hali ya Hewa wanasema hivohivo.

Tufani si neno baya, ni neno la zamani lenye uzito wake, tumelipata kwa Waarabu na kwao tufani ni hata ile gharika ya Nabii Nuhu. Mi nalitumia kwa bahari ikichafuka vibaya, maji na upepo vimeshikana, nahodha hajui mbele wala nyuma. Tufani hata haihitaji jina. Kimbunga kina jicho, kina mzunguko, kwa upande wetu wa kusini mwa ikweta kinazunguka kama mishale ya saa, na kinafuatiliwa siku kadhaa kabla. Dhoruba we itumie popote, ndo pana kuliko zote. Kale kaupepo kanakozungusha vumbi na majani makavu chini ya mikorosho mpaka watoto wanakakimbiza, hako ni kisulisuli, usije ukakaita kimbunga ukatutia presha.

"Mnyororo wa visiwa" mtafsiri kauburuta kutoka kwenye lugha ya wenyewe. Sisi tuna safu, kama safu ya milima, au sema tu visiwa vya Karibi inatosha, mbona Songosongo na wenzake hatuwafungi minyororo. Kamusi wana "funguvisiwa", zuri, ila litamke pale Feri uone watakavyokutazama.

Kuhusu insha, kuna kosa lingine mwalimu hakulichora. Barabara pale Somanga haikukatwa na upepo, ilikatwa na maji. Mtoto aandike: "Kimbunga Hidaya kilileta mvua kubwa, mafuriko yakakata barabara ya Dar, Lindi tukakaa siku kadhaa bila magari." Akitaka "Hidaya kaja" amweke kwenye mdomo wa mhusika, ndani ya alama za kunukuu, hapo kalamu nyekundu haina la kusema.