Kuitambua singe ya babu na kuikadiria thamani

Ndugu yangu, umeuliza iwapo singe uliyorithi kwa babu yako, askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Uingereza Afrika Mashariki), ilitengenezwa mwaka 1907, kwa kuwa namba hiyo imegongwa kwenye bapa chini ya taji. La, 1907 ni jina la muundo wa Kiingereza uliotumika na bunduki ya Lee-Enfield, na tarehe unayoitafuta ni zile tarakimu ndogo zilizo chini yake, kwa mfano 5 '17, yaani Mei 1917, zikiambatana na jina la kiwanda kama Wilkinson au Sanderson.

Kagua pia chuma kinachokinga mkono kati ya bapa na mpini. Hadi 1913 kilikuwa na ndoana, na kwa kuwa ndoana nyingi zilikatwa baadaye, singe iliyobaki nayo huthaminiwa mara kadhaa zaidi, jambo linalowavutia walaghai kuchomelea za bandia. Tafuta kwa lenzi mshono wa kuchomelea. Angalia pia kitundu kwenye kichwa cha mpini, kilichoanza kuwekwa 1916.

Nakusihi sana, usiipige msasa. Ipanguse kwa kitambaa chenye mafuta mepesi tu, maana alama zikifutika, thamani nayo imekwenda. Ala yake ya ngozi, hata ikiwa imepasuka, usiitenge nayo.