Kabla hujasimulia, muulize amefika wapi

Septemba 2021, msimu wa kwanza wa Squid Game, tamthilia ya Kikorea, ulipotoka, sehemu zote 9 ziliwekwa siku moja. Nilikuwa kwa rafiki mtaa wa Golf, hapa Lubumbashi, mwenye intaneti isiyokatika. Usiku wa pili tulikuwa tumemaliza. Asubuhi nikaweka picha ya mchezaji mmoja kwenye status yangu ya WhatsApp, pembeni mshumaa. Sikuandika neno hata moja.

Mdogo wangu anakaa Katuba. Yeye huangalia kwa flashi, siku umeme ukiwepo, na wakati huo alikuwa sehemu ya tano. Jioni akanipigia, akaniita Yaya, yaani mkubwa wake: "Yaya, yule nilikuwa namuombea asife." Hakuendelea kuangalia. Ile simu inaniuma hadi leo, kwa sababu nilidhani nisipoandika kitu sijasema kitu.

Watu wengi husema subiri wiki moja, halafu ongea utakavyo. Kwetu wiki moja ni nini? Mmoja ana intaneti ya nyumbani, mwingine ananunua mega kidogo kidogo, wa tatu anangoja binamu amkopie. Usihesabu siku tangu tamthilia itoke. Uliza tu, "Umefika sehemu ya ngapi?" kisha uishie hapo alipo. Akisema ya nne, zungumzieni ya nne, na usiguse ya tano hata kwa kucheka.

Nasema kucheka kwa sababu hata "ngoja, utalia" ni kufichua. Ukishaambiwa utalia, unaanza kumtafuta atakayekufa, na kila furaha ya wahusika unaitilia shaka.

Kwenye kundi la WhatsApp, kumbuka kwamba mwanzo wa ujumbe huonekana juu ya simu kabla mtu hajaufungua. Kwa hiyo anza na jina la tamthilia na namba ya sehemu, shuka mistari mingi, ndipo useme lako. Telegram ina njia ya kufunika maneno mpaka msomaji ayaguse. Discord pia, unayazungushia mistari miwili ya wima kila upande. Picha ni hatari kuliko maandishi, maana jicho halina muda wa kukataa.

Michezo ya video inahitaji subira zaidi. Video za The Last of Us Part II zilivuja Aprili 2020, wakati mchezo wenyewe ulitoka tarehe 19 Juni. Na anayecheza kwa kulipia muda ukumbini, Jumapili hadi Jumapili, hadithi moja inaweza kumchukua miezi. Ukisimama nyuma ya kiti chake, nyamaza, hata ukiona anaelekea mlango usio wake. Akitaka msaada atageuka.

Ukiteleza, futa ujumbe kwa wote haraka, omba msamaha, na usianze kueleza kwamba "si jambo kubwa". Maelezo ndiyo hufichua siri ya pili.

Msimu wa pili wa Squid Game ulitoka tarehe 26 Desemba 2024, sehemu 7. Niliumaliza mapema, nikakaa kimya, hata status sikuweka. Siku nyingi zikapita. Usiku mmoja, karibu saa tano, ukaingia ujumbe kutoka Katuba: "Yaya, nimemaliza ya saba. Piga sasa hivi." Tuliongea mpaka salio langu likaisha, akapiga yeye.