Kabla ya Tamasha la Tamaduni, Gawa Ukumbi

Ukikabidhiwa kituo cha kijamii chenye watu wa asili nyingi, wazo la kwanza huwa ni tamasha: ngoma, mavazi, picha za pamoja. Sina neno na tamasha. Ila katika miaka yangu ya kusimamia kituo cha namna hiyo sijaona ngoma ikimaliza ugomvi, maana watu wanagombania ukumbi, stoo na funguo.

Kwa hiyo anza na daftari la nafasi za ukumbi, liwe mahali pa wazi. Kikundi kinachoshika kila Jumamosi jioni kwa sababu "ndivyo ilivyokuwa tangu zamani" kinawanyima wenzao, pengine bila hata kujua. Sisi tulikubaliana jioni za wikendi ziende kwa zamu, na anayetaka kubadilishana amfuate mwenzake mwenyewe, ofisi isiingie kati. Viongozi ambao salamu ilikuwa ya shida ukawakuta wameinamia daftari, kalamu mkononi: "Niachie tarehe hii, nami nitakupa ile." Kalenda yako iujue pia mfungo wa Ramadhani, Sabato ya Jumamosi na ibada za Jumapili. Ukiitisha mkutano mkuu Ijumaa mchana, umeshawafungia watu mlango.

Mwaka 1954 mwanasaikolojia Gordon Allport alieleza kwamba kukutana tu hakuondoi chuki baina ya makundi. Inasaidia zaidi watu wakiwa na hadhi sawa, lengo moja, ushirikiano wa kulifikia, na wakubwa wakiunga mkono. La hadhi ndilo linalotushinda wengi. Kikundi kimoja kikijiona mwenye nyumba na wengine waalikwa, hayo mengine hayasogei. Changanya watu kwenye kazi, wapake rangi kuta au waendeshe darasa la jioni la watoto, maongezi yatakuja yenyewe.

Kinachoumiza kichwa zaidi ni uwakilishi. Atakuja mzee akwambie yeye ndiye msemaji wa watu wake. Huenda ni kweli. Mheshimu, mpe kiti, kisha wasikilize kina mama na vijana wa jumuiya hiyohiyo wakiwa peke yao. Mara nyingi utasikia mahitaji mengine kabisa. Kwenye kamati yetu kila kikundi kina viti viwili, na kimoja lazima kiwe cha mwanamke au kijana. Wazee walinung'unika, wengine mpaka leo wananung'unika, na kanuni ipo palepale.

Usimfanye mtoto mkalimani wa mzazi wake kikaoni. Ni njia rahisi, najua, hasa mtoto akiwa mchangamfu. Lakini mzazi anashushiwa heshima mbele za watu, na mtoto anabebeshwa mambo yasiyo ya umri wake. Tafuta mtu mzima, umlipe hata kidogo.

Hesabu za fedha zibandikwe ubaoni kila mwezi. Hilo halina mjadala.

Na viti visiporudishwa stoo, au kelele zikipita saa mliyokubaliana, kuna mtu atasema "hao ndivyo walivyo." Mkatize hapohapo. Mwite aliyechukua funguo siku hiyo, ongea naye habari ya viti, kikao kiishie hapo.