Mlango wa Uani wa Magari Makubwa

Mhariri ameuliza wiki hii: je, magari makubwa kupita kiasi yanayoagizwa kutoka ng'ambo, kama pikapu za Marekani zinazoingizwa Ulaya, yaruhusiwe katika barabara zisizojengwa kuyapokea, au kila mwenye uwezo aachwe anunue analolitaka? Jibu langu ni kwamba yasiruhusiwe mpaka yafaulu vipimo vilevile ambavyo magari mengine hulazimika kufaulu. Hata hivyo, jinsi swali lilivyoulizwa, linamweka mwenye gari upande mmoja na jirani yake upande wa pili, ilhali aliyefanya uamuzi mzito kuliko wa hao wawili ni mtunga sheria, na yeye hakutajwa.

Watu wengi ninaowasikia wakilizungumzia jambo hili huanza na tabia ya dereva: anajiona, anapenda kutazamwa, anaegesha gari moja katika nafasi ya mawili. Wanaomtetea hujibu kwamba wanaolalamika wana wivu. Mabishano ya namna hiyo hayaishi kwa sababu hayana kipimo, na mimi naona kipimo kipo, nacho ni kimo cha boneti.

Mtu mzima anapogongwa na gari dogo lenye pua iliyoinama, bampa humpiga mguuni, karibu na goti, kisha mwili wake hupinduka na kuangukia boneti, ambayo imeundwa ibonyee. Ataumia, pengine vibaya, lakini sehemu ya kwanza kupokea pigo ni mfupa unaoweza kuungwa. Pikapu yenye uso uliosimama wima, wa kimo cha mita moja au zaidi, hukutana na mtu huyohuyo nyongani au kifuani, na kwa kuwa pigo limekuja juu mwilini, humsukuma na kumlaza barabarani mbele ya magurudumu yanayoendelea kuja, badala ya kumpandisha juu ya boneti. Mtoto mdogo hupigwa kichwani, na kabla ya hapo huenda dereva hakumwona kabisa, maana uso huohuo mrefu ndio uliomficha.

Mwaka 2023 taasisi ya usalama barabarani ya Marekani iitwayo IIHS, inayogharimiwa na kampuni za bima za magari, ilichambua karibu ajali 18,000 zilizowahusu watembea kwa miguu. Ilikuta kwamba gari lenye boneti inayozidi inchi 40, yaani kama sentimita 102, lina uwezekano wa kumuua anayegongwa ulio mkubwa kwa takriban asilimia 45 kuliko gari lenye boneti iliyoinama na isiyozidi inchi 30. Mwaka huohuo taasisi ya usalama barabarani ya Ubelgiji iitwayo Vias ilikadiria kwamba boneti ikiinuliwa kutoka sentimita 80 hadi 90, hatari ya kifo kwa mtembea kwa miguu au mwendesha baiskeli huongezeka kwa asilimia 27. Nchini Marekani kwenyewe, watembea kwa miguu waliouawa barabarani walikuwa 4,109 mwaka 2009, na mwaka 2022 walizidi 7,500. Sitaki kuitwika boneti mzigo wote wa ongezeko hilo, kwani mwendo wa kasi, giza na barabara pana zisizo na vivuko vina sehemu yake, lakini pia siwezi kujifanya kwamba boneti haimo.

Sasa tuangalie gari hilo linavyoingia mahali pasipo pake. Katika Umoja wa Ulaya, aina ya gari hupimwa na kuidhinishwa kabla ya kuuzwa, na miongoni mwa vipimo hivyo ni kurusha vichwa na miguu ya bandia kwenye boneti na bampa ili kujua madhara atakayopata mtu wa nje. Marekani utaratibu ni mwingine: mtengenezaji hujithibitisha mwenyewe kuwa ametimiza viwango, serikali hukagua baadaye, na hadi mwaka 2024 kiwango cha lazima cha kumlinda mtu wa nje dhidi ya boneti kilikuwa bado pendekezo tu. Pikapu kubwa za huko, kama Ram 1500, ambayo upana wake bila vioo vya pembeni ni kama mita 2.08, huingia Ulaya kwa idhini ya gari mojamoja, ambayo huruhusu baadhi ya masharti yalegezwe. Utaratibu huo unafaa kwa mtu aliyejiundia gari lake au anayehama na gari alilokuwa nalo. Unapotumiwa na wafanyabiashara wanaoingiza gari baada ya gari la aina ileile ili wauze, umekwisha kuwa mlango wa uani, na wapita njia hawakuulizwa kama ufunguliwe.

Kinachonishangaza zaidi ni kile kinachorekebishwa. Marekani huruhusu taa za kuashiria kukata kona za nyuma ziwe nyekundu, na Ulaya hutaka ziwe za rangi ya machungwa; basi mwagizaji hubadilisha taa, gari likapata karatasi zake, na ule uso wa wima ukaachwa ulivyotoka kiwandani.

Wapo wanaosema kodi au ada itatosha. Paris ilijaribu: katika kura ya tarehe 4 Februari 2024, asilimia 54.5 ya waliopiga kura walikubali ada ya maegesho ya magari mazito ipandishwe mara tatu, hadi euro 18 kwa saa katikati ya jiji. Waliojitokeza hawakufika asilimia 6 ya walioandikishwa, na wakazi wanaoegesha katika mitaa yao walisamehewa, hivyo kwa kiasi kikubwa wenyeji walipiga kura ili wageni ndio walipe. Simlaumu mpiga kura huyo. Kasoro ninayoiona ni kwamba ada ile hufuata uzito, tani 1.6 au zaidi, na tani 2 kwa magari ya umeme, wala haitazami umbo. Gari refu la familia lenye boneti ya chini huweza kulipa sawa na gari lenye uso kama ukuta.

Mfano wa kinyume uko Marekani, nao karibu unichekeshe. Baadhi ya majimbo yalikataa kusajili vigari vya mizigo vya Japani viitwavyo kei, ambavyo sheria ya kwao huvibana visizidi urefu wa mita 3.4 na upana wa mita 1.48, kwa hoja kwamba havikutimiza viwango vya usalama vya nchi. Kigari kinachomhatarisha zaidi anayekiendesha kilizuiwa, huku lile linalomhatarisha anayekutana nalo likiuzwa dukani.

Mzazi anayenunua gari kubwa kwa kuhofia usalama wa wanawe hajidanganyi, kwa maana magari mawili yasiyolingana uzito yakigongana, lililo zito huwalinda zaidi waliomo. Shida ni kwamba ulinzi huo huondolewa kwenye gari la pili, ambamo pia mna watoto. Fundi na mkulima nao wana haja ya kweli ya kubeba mizigo; lakini magari ya mizigo yenye pua fupi hubeba mengi kuliko sanduku la pikapu ya anasa, na zipo pikapu zilizopata idhini kamili ya aina, kama Toyota Hilux.

Jambo hili limekuwa la haraka tangu Agosti 2025, Marekani na Umoja wa Ulaya zilipotamka katika taarifa ya pamoja kwamba zinakusudia kutambuliana viwango vya magari. Nia hiyo ikitekelezwa bila kubagua vipimo, mlango wa uani utakuwa lango kuu. Ningependa kwanza idhini ya gari mojamoja iwekewe kikomo cha idadi kwa kila aina kwa mwaka, na kipimo cha boneti kisilegezwe kwa yeyote. Kisha upimwe uoni wa dereva kutoka kitini, kama London inavyofanya kwa malori yanayozidi tani 12, ambayo hupewa nyota kulingana na kile dereva anachokiona moja kwa moja kupitia madirisha yake. Sioni kwa nini gari binafsi linaloficha mtoto mbele yake lisamehewe hesabu hiyo. Waliokwisha kununua walifuata sheria waliyoikuta, na si haki kuwanyang'anya. Magari yao yafungwe kamera ya mbele, na gharama ailipe mwagizaji aliyewauzia.